Toa Toroli

Jumatatu, 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii nampa dereva wa lori la ghala aje nayo huko, maana kwenye simu mimi na wewe hatuwezi. Wewe unasema "mimi mzima" kwa sauti nyembamba, mimi nasema "na mimi pia," halafu tunabaki kusikilizana tukipumua. Kwenye karatasi angalau nitafika mwisho wa sentensi.

Nakimbia. Najua hilo ndilo unalotaka kusikia kwanza. Kila alfajiri mtoto akiwa bado amelala kwa mama mkwe, nazunguka ukuta wa ghala mara kumi. Mlinzi wa geti ananihesabia kwa kokoto, kila nikipita anahamisha moja kutoka mfuko huu kwenda huu. Jana kaniambia, "Mama, hizo mbio zote ungekwenda mbele badala ya kuzunguka, ungeshafika kwa dada yako."

Mzani je. Daktari wa figo alisema damu zetu zimepatana, presha yangu nzuri, figo zangu mbili nzima na moja itakuwa yako, ila kwanza nishuke kutoka kilo 79 mpaka 74, la sivyo hanipasui. Zahanati ya huku ina mzani wa kuning'iniza watoto tu, kwa hiyo napimwa kazini. Unajua mimi nashona midomo ya magunia na karani wa mzani anapima. Kila toroli la kubebea mzigo limeandikwa uzito wake ubavuni kwa rangi nyeupe. Likipanda na mzigo, karani anasoma, anapaza sauti "toa toroli," anaondoa ule uzito wa toroli, unabaki wa mzigo peke yake.

Sasa mtoto tangu augue kifua hataki kushuka mgongoni. Ukimweka chini analia mpaka anabadilika rangi. Karani akasema, "Panda naye, tutatoa toroli." Kadi ya kliniki inasema kilo 7, walimpima siku alipotoka kuugua. Basi leo ilikuwa 83, toa 7, ikabaki 76. Ghala zima siku hizi wanamwita mtoto Toroli. Nilinuna siku mbili. Ya tatu na mimi nikamwita.

Bado kilo mbili, dada. Kilo mbili ni kitu gani? Ni paketi mbili za sukari.

Baba yake Toroli bado yuko kambini kwenye ujenzi wa barabara. Alirudi mara moja tu, akasema mwili ni wangu na dada ni wangu, yeye hana la kuongeza. Kisha akakaa nje muda mrefu akipasua kuni ambazo hatuzihitaji.

Kitinda wako


Jumatatu, 10 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Kwanza, neno ni mizani. Mizani. Nimefundisha darasa la pili miaka kumi na moja, sikuwahi kupitisha mzani, na sitaanza leo kwa sababu tu wewe ndiye uliyenitia wazimu wa kulea nikiwa mwenyewe bado mtoto.

Mimi sijambo. Mashine ya kusafisha damu nakaa nayo mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, tumezoeana kama majirani wasiopendana. Kitanda cha pembeni yangu yuko mzee mmoja fundi saa. Analalamika kwamba saa ya ukutani humu inachelewa dakika sita, na kwamba hizo dakika sita wanatuibia sisi. Nacheka mpaka muuguzi ananikaripia.

Mwandiko usikushangaze, kalamu ya shemeji yako inavuja.

Hongera kwa kukimbia. Usiharakishe. Kula vizuri, mtoto bado ananyonya. Zikishuka zimeshuka, mimi nipo.

Mwambie Toroli mama mkubwa anamsalimia, na kwamba jina hilo atakuja kulilipiza siku moja.

Dada yako


Jumatatu, 31 Machi

Dada,

Shikamoo. 76. Wiki iliyopita 76. Ile nyingine 76.

Nazunguka mara kumi na tano sasa, mlinzi kaishiwa kokoto anatumia maharage. Sukari nimeacha. Mkate nakula nusu, nusu anakula Toroli, na yeye siku hizi hana mchezo, anapanua mdomo kama kinda. Uji wangu anaumaliza yeye, kiazi changu anakimaliza yeye. Na mzani, samahani, ni ule ule. Mpakizi mmoja kasema hizo kilo mbili zimeshaoa humo ndani, zina nyumba na watoto, haziwezi kuhama.

Cha ajabu sketi ya kazi imeanza kunidondoka, nimebana kwa pini. Mama mkwe anasema, "Mwanangu unakwisha." Nikamwambia mzani haujasema hivyo. Akasema labda ni sketi imetanuka kwa kufuliwa. Labda.

Dada, juzi nilikuwa kwa msusi. Kwenye kusuka akanihadithia mwanamke aliyetoa figo yake, kwamba mpaka leo hawezi kuinua ndoo, na mtoto wake akimwomba abebwe anamgeuzia uso. Nilikaa nikasukwa mpaka mwisho. Ila baadaye niliona mikono yangu iko nyuma kiunoni, huku moja na huku moja, kama mtu anayewashika watoto wawili kwenye umati.

Siogopi. Nakusimulia tu.

Kitinda


Jumanne, 8 Aprili

Shemeji,

Salamu. Usimwonyeshe dada yako wala usimtajie kwamba nimekuandikia. Yeye hajui, amelala sasa, na mimi niko kwenye benchi la nje ya wodi.

Anakwambia hajambo. Shemeji, hajambo kitu gani. Mshipa wa mkononi uliokuwa unaingizwa mashine umegoma wiki tatu sasa, wamemwekea mrija shingoni. Miguu imejaa, viatu vyangu ndivyo anavyovaa. Kalamu haivuji, mikono yake ndiyo inatetemeka.

Daktari amepanga upasuaji tarehe 20 Mei. Siku hiyo ikipita, nafasi nyingine ni baada ya miezi minne. Nilimuuliza daktari, miezi minne anaiweza? Akaanza kunieleza kuhusu mirija. Nikamuuliza tena. Akavua miwani akaifuta.

Sikulaumu. Tena najua unakimbia. Dada yako akipata barua yako anaisoma mara mbili, anaikunja, anasema, "Bado." Jana kasema, "Mdogo wangu anaogopa, na mimi ningeogopa." Nimeona ujue siku iliyobaki. Basi.

Shemeji yako


Jumatatu, 14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Leo tena 83, toa toroli, 76.

Nakimbia asubuhi na jioni. Jioni nakimbia na viatu vya mpira vya karani, vikubwa, nimejaza matambara mbele. Watoto wa mtaani wananifuata wakiimba. Naachia chakula njiani, yaani nakula mpaka nusu naachia, na kilichobaki unajua kinakwenda mdomo gani. Toroli ameanza kusimama akishika magunia. Amenenepa mashavu. Angalau mmoja wetu uji unamkaa.

Nimemwachisha ziwa, maana daktari alisema lazima nimwachishe kabla. Siku nne alilia. Ya tano aliniangalia tu, akageuka akalalia bega la mama mkwe. Niliona afadhali angelia.

Miguu yako vipi? Yaani nauliza tu, miguu ya watu wanaokaa sana huwa inavimba.

Dada, kama kuna tarehe imepangwa niambie. Mimi si mtoto.

Naahidi zitashuka. Mwili huu ni wangu, lazima unisikie siku moja.

Kitinda


Alhamisi, 24 Aprili

Kitinda,

Umeuliza miguu, kwa hiyo shemeji yako ameshakuandikia. Nitaongea naye.

Nitakuandikia kama mtu mzima kwa kuwa umesema si mtoto. Mtu anayekimbia mara mbili kwa siku, ameacha sukari, ameacha mkate, anakula nusu, kilo zake hushuka. Hilo hata darasa la pili wanalijua. Wiki saba 76. Haikupanda wala haikushuka. Kitinda, mwili hauna msimamo kiasi hicho. Mtu ndiye mwenye msimamo.

Sikukulea ili nikudai. Ukitaka kukataa, kataa kwa mdomo. Usikatae kwa kilo. Nikisikia neno "hapana" nitalibeba. Hili "bado, bado" linanichosha kuliko mashine.

Leo humu ndani kimya. Kitanda cha pembeni wamekitandika shuka mpya.

Dada yako


Jumatatu, 28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata Jumamosi.

Leo bado ni 76. Sijakataa.

Kitinda


Jumatatu, 5 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hii barua isome ukiwa umekaa. Na ukimaliza, kama hutaki kuniona tena, nitaelewa, lakini isome mpaka mwisho.

Nilikudanganya wiki iliyopita.

Ijumaa ile, tarehe 25, siku moja kabla barua yako haijanifikia, nilimpeleka Toroli kliniki. Ametimiza miezi kumi na tano, kuna chanjo. Muuguzi akamning'iniza kwenye mzani wao, akatazama, akatazama kadi, akaniambia, "Mama, hongera, huyu umemlisha. Kilo tisa na nusu."

Nikasema, "Saba."

Akasema, "Saba ni ya zamani, alikuwa mgonjwa. Huoni mtoto alivyojaa?"

Nilikaa kwenye benchi pale na kadi mkononi. Nikafanya hesabu kwa kidole kwenye paja, kama ulivyonifundisha, tarakimu moja moja. 83, toa 9 na nusu. 73 na nusu. Nikafuta nikafanya tena.

Dada, tulikuwa tunatoa toroli. Toroli la chuma limeandikwa uzito wake kwa rangi, liko vile vile leo na kesho na mwakani. Na sisi watu wa ghala, karani na mimi na wapakizi wote, hakuna aliyewaza kwamba hili letu linakula. Kila nilichojinyima mimi kilikwenda kwake. Kilo zilikuwa zinatoka kwenye mwili wangu zinahamia mgongoni kwangu, na mzani wa watu wawili utasema nini? Unasema 83. Huenda nilikuwa nimeshafika 74 zamani, sketi ilikuwa inaniambia, mama mkwe alikuwa ananiambia.

Hilo ndilo kosa la ghala. La kwangu ni hili.

Nilitoka kliniki nikijua. Jumamosi barua yako ikafika, umeniambia nikatae kwa mdomo. Nilikuwa na jibu mkononi, jibu zuri ambalo lingekufanya ucheke. Jumapili sikukimbia. Jumatatu nikapanda mzani na mtoto kama kawaida, karani akasema 83, toa toroli, na mimi nikanyamaza. Nikaja nyumbani nikakuandikia 76.

Maana kuna jambo sijawahi kukwambia. Kila Jumatatu karani aliposema 76, nilikuwa nahuzunika kabisa, hata machozi yalikuwa ya kweli. Lakini chini ya ile huzuni kulikuwa na kitu kinapumua. Kinasema, haya, wiki moja nyingine. Nilikuwa nakimbia kwa miguu yangu yote miwili kuja kwako, na ndani kulikuwa na mtu amekaa chini. Wewe ulimwona huyo mtu ukiwa kitandani huko mbali. Ulimwandikia yeye, hukuniandikia mimi. Na ulikuwa na haki na hukuwa na haki, vyote pamoja, ndiyo maana nililia sana.

Naogopa kisu, dada. Naogopa kulala usingizi ambao siujui mlango wake wa kutokea. Naogopa Toroli atafute mgongo akute haupo, halafu azoee. Alivyolizoea bega la bibi yake kwa siku tano tu. Naogopa mpaka nikiwa nashona gunia nachoma kidole sisikii.

Wiki nzima nilikaa na hiyo 76 ya uongo. Nilidhani itanipumzisha. Ilikaa kooni kama kiazi cha moto.

Leo asubuhi nilikwenda kwa karani kabla geti halijafunguliwa. Nikafungua mbeleko, nikamkabidhi mtoto. Karani akasema, "Atalia huyu." Nikasema alie. Akalia. Nikapanda peke yangu. Dada, mgongo ulikuwa mwepesi mpaka niliyumba, nikashika nguzo, karani akanikemea niachie, mtu hapimwi kashika nguzo.

Akasoma. Akainama akasoma tena. Akasema, "Sabini na tatu."

Nikamweleza habari ya kliniki. Akamtazama Toroli aliyekuwa analia kwenye kifua chake, akamnyanyua juu na chini kama mtu anayekisia mzigo. Akasema, "Miaka ishirini na mbili napima. Hakuna aliyewahi kuniibia kilo mbili na nusu mbele ya macho yangu isipokuwa huyu." Kisha akakaa kwenye gunia akafuta uso kwa ile leso yake chafu, akasema ni vumbi.

Nakuja na lori la Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 15. Mama mkwe atakuja na mimi, Toroli pia. Karani amempigia simu baba yake Toroli kambini.

Sijaacha kuogopa. Usidhani nimeacha. Ila nimeona kuogopa nitakuja nako, kutakaa huko huko.

Hii ni barua ya mdomo. Nasema ndiyo.

Kitinda wako


Alhamisi, 8 Mei

Kitinda wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimesoma nikiwa nimekaa. Shemeji yako amenisomea tena ukurasa wa pili kwa sababu macho yalijaa, akafika kwenye kiazi cha moto na yeye akakwama. Tumekaa kama mbumbumbu wawili.

Na mimi nina la kusema. Ile barua yangu ya tarehe 24 niliandika siku aliyofariki fundi saa. Alfajiri ile alikuwa analalamika kuhusu dakika sita, saa nne asubuhi wakatandika shuka mpya. Nilikuwa na mrija shingoni na sina mtu wa kumkasirikia, nikakukasirikia wewe. Yote yale ya darasa la pili ilikuwa hofu tu, imevaa koti la mwalimu.

Naogopa kufa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, nimelikwepa kwa kukusahihisha maneno mengine. Na ninaogopa zaidi wewe usiamke, nibaki mimi nikiwa na figo yako ndani na mwanao mlangoni ananiangalia. Ulipokuwa unaandika "bado," si wewe peke yako uliyekuwa unapumua.

Njoo. Na ukifika ukabadilisha mawazo hata mlangoni, hata umeshavaa gauni lao, tutachemsha chai, tutakunywa, na hakuna atakayekuuliza. Hilo naahidi kama dada, na shemeji yako anashuhudia.

Mpelekee karani salamu. Mwambie ule mzani wake sasa ninauamini.

Dada yako


Jumanne, 20 Mei, asubuhi

Dada,

Nimempa muuguzi kikaratasi hiki avuke nacho upande wako. Wameshanivalisha gauni, limefungwa nyuma kwa kamba, mgongo wote nje. Toroli yuko kwenye korido mgongoni kwa shemeji, amemfungia mbeleko juu chini. Sikumsahihisha.

Wamenipima tena. Safari hii nimeona namba mwenyewe. 73, kwenye MIZANI yao. Umeona nimeandika vizuri.

Mikono inatetemeka, ndiyo sababu ya mwandiko. Kalamu haivuji.

Nilimuuliza muuguzi figo moja ina uzito gani. Kasema ndogo tu, kama gramu mia na hamsini, inaenea kiganjani. Nilicheka, dada. Kilo tano nimezikimbilia miezi yote hii ili nitoe kitu kisichofika hata robo ya paketi ya sukari.

Ukipona, siku ya kwanza wakikupandisha kupimwa, kutakuwa na hizo gramu juu. Wakitaka kuziondoa kwenye hesabu, wakatalie. Hiyo wasiitoe. Hiyo si toroli, hiyo ni yako.

Wanakuja na kitanda cha magurudumu. Naogopa. Nakuja.

Kitinda